Nilimleta Mbuzi wa Shoo Mbele ya Mkwe

Kosa ni langu, tena langu peke yangu. Si la mke wangu, si la mkwe, na mbuzi ndiye asiye na hatia kabisa. Jina langu lifiche, bwana mhariri, maana hapa Bahati watu wananisifu kwa jambo ambalo sikulitenda, na sifa hizo zinanichoma kuliko matusi!

Mimi ni dereva wa trekta katika shamba la Mzungu mmoja. Mwaka jana tulisikia kwamba shoo ya Nakuru, yale maonyesho ya mifugo, itatenga zizi kwa mbuzi wa sisi watu wa mashambani. Mke wangu, Mama Njeri, akashikwa na hamu. Tukaenda sokoni kutafuta kitoto cha mbuzi cha kulea.

Wangu nilimwona mara moja. Mnene! Tumbo limejaa pande zote mbili kama la nyapara wetu. Nikasema, "Huyu hapa. Mbuzi ni tumbo."

Mama Njeri akanipita. Alipiga magoti palepale kwenye mavi ya mbuzi, akavifungua vitoto midomo kimoja kimoja kuona kama meno yanakutana vizuri na ufizi wa juu. Akavipapasa mgongo, akavisukuma kidogo aone jinsi vinavyosimama. Mwisho akamshika mmoja mwembamba, mrefu, kifua kipana na miguu imenyooka.

"Sasa huyo ni mbuzi au ngazi?" nikamwuliza.

"Wewe chukua tumbo lako," akasema. "Mimi nachukua mifupa. Nyama nitaiweka mwenyewe."

Tukarudi na wote wawili. Wangu nikamwita Nyapara.

Jamani! Lile tumbo lilikuwa minyoo. Tulimpa dawa, minyoo ikatoka, tumbo likabaki! Miguu nayo vijiti vitupu. Nikamhasi, nikasema basi, huyu ni wa kitoweo.

Yule wa Mama Njeri alizidi kujaa. Alimlisha majani ya viazi, akamsugua kwa gunia, na kila jioni akamtembeza kwa kamba. Akisema "Simama!" mbuzi anakita miguu yote minne na kuinua kichwa kama askari. Basi likawa ndilo jina lake, Simama. Mama Njeri alikuwa ameshagongelea msumari ukutani wa kutundikia utepe wa ushindi. "Kofia yako itafutie mahali pengine," akaniambia.

Wiki ya shoo ikaleta habari nyingine. Baba yake Mama Njeri anakuja! Mzee hakuwa amekanyaga kwetu tangu hali ya hatari ianze, kwa sababu ya vipande na vibali vya kusafiria ambavyo serikali ilidai. Mke wangu alilia kwa furaha. Tukakubaliana mgeni achinjiwe Nyapara.

Sasa, mkwe hachinjiwi mbuzi asiyemjua. Unamleta akiwa hai, mzee anamtazama, anamshika mgongo, anabariki, ndipo kisu. Akishabarikiwa ni wake, na kumrudisha ni kumtukana mzee. Haya yote niliyajua! Hakuna aliyenidanganya.

Mzee alipokwisha kunywa uji, nikaenda zizini. Nikamtazama Nyapara na tumbo lake, nikaona haya. Nikawaza, kwanza nimwonyeshe Simama, amjue mwanamume aliyempa binti yake. Amwone tu! Halafu nimlete Nyapara.

Nikamtoa Simama. "Mzee, tazama. Huyu nilimchagua mimi mwenyewe."

Uongo mtupu! Na yule mbuzi akasimama vile alivyofundishwa, kifua mbele. Mzee akainuka na fimbo yake, machozi yanamlenga. Akamshika mgongo, akajitemea mate kifuani kwa kubariki. "Nimekula katika nyumba nyingi," akasema, "lakini mkwe hajawahi kuniheshimu hivi."

Ngai! Simama ameshakuwa wake! Mama Njeri alikuwa kwenye mlango wa jiko, kifuniko cha sufuria mkononi. Neno lake moja lingeniokoa. Lakini amnyime baba yake mbuzi aliyekwisha kumbariki? Aligeuka akaingia ndani, nikamsikia akipuliza moto kwa nguvu.

Tukachinja. Nyama tamu, lakini fungu langu nilimsogezea mzee.

"Binti yangu," mzee akasema, "mume wako ana jicho."

"Ndiyo, Baba," akajibu. "Ana jicho. Na mdomo pia anao."

Siku ya shoo alinitia kamba mkononi. "Jina letu limeandikwa kule. Mpeleke Nyapara."

"Mimi?"

"Si mbuzi ni tumbo?"

Nikaingia uwanjani mbele ya watu wote. Bwana wa mifugo, Mzungu mrefu aliyekuwa mwamuzi, akamzunguka Nyapara, akainama. "Hii mbuzi nataka zaa lini?" Nikamwambia ni dume. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini! Nyapara naye akalala.

Hapo mkwe wangu, aliyekuja nasi kutazama, akasimama. "Mnacheka nini? Mbuzi wake wa kushinda alinichinjia mimi! Nani kati yenu angeacha utepe kwa ajili ya mzee?"

Watu wakatazamana. Kisha makofi. Nilitaka kusema ukweli, Mama Njeri akaja akanifinya. "Nyamaza. Usimwaibishe Baba."

Tangu siku hiyo naitwa mkwe wa kweli. Mzee aliporudi kwao sikuweza kuvumilia, nikasimama kanisani na kutubu: mbuzi alikuwa wa mke wangu, alimchagua yeye, akamlea yeye, mimi nilijigamba tu. Unajua walisema nini? "Tazameni unyenyekevu wake!" Wakapiga makofi tena! Mama Njeri akatazama sakafu. Hakupata utepe, na sasa hata ukweli haumpatii sifa yake.

Wenzangu, mdomo huponza kichwa. Mkwe akiwa uani, mletee mbuzi mliyekubaliana, hata akiwa na tumbo. Na kazi ya mkeo usiiite yako hata kwa dakika moja, kwa maana kuirudisha ni shida!

Msumari bado uko ukutani, mtupu. Juzi nilijisahau nikatundika kofia. Mama Njeri aliitoa akaenda nayo nje. Nilipomfuata nilimkuta Nyapara zizini, kofia yangu kichwani, imemshukia hadi mdomoni, anatafuna ukingo wake.