Mwonjaji wa Ramadhani

Daktari alipomkataza mama mkwe wangu chumvi na tui zito kwa sababu ya presha, aliyehukumiwa hasa ni mimi. Yeye alikuwa mpishi anayesifiwa mtaa mzima. Mimi mke mpya, maandazi yenyewe bado yananiungulia. Nikawa nampikia chungu chake peke yake: samaki wa kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, boga la kuchemsha. Kila siku aliitazama ile sahani kwa adabu, akala matonge mawili, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu, nshashiba."

Hakushiba. Nguo zilianza kumpwaya, na mume wangu akawa ananiangalia kama kwamba ni mimi ninayemmaliza mama yake. Niliogopa sana. Mama yangu mzazi alifariki mimi mdogo, na huyu ndiye wa kwanza niliyemwita mama nikaitikiwa.

Ramadhani ikaingia. Daktari akamkataza na kufunga pia, kwa ajili ya dawa zake. Hilo lilimuuma kuliko chumvi. Aliona haya kula mchana na sisi tumefunga, akawa anajifungia chumbani na kikombe cha uji, na uji ukitoka humo umepoa, umejaa vilevile ulivyoingia.

Mimi sina subira, na vyungu viwili kwa mtu aliyefunga vilinishinda. Nikakata shauri: chungu kimoja, bila ya chumvi, sote tule hichohicho, na anayetaka chumvi ajinyunyizie sahanini mwake. Magharibi ya kwanza mume wangu alifuturu kwa tende, akaonja mchuzi wangu wa samaki changu, akarudi kwenye tende.

Kesho yake alasiri nilisimama mbele ya seredani, makaa yamekolea, mchuzi unatokota, nami sijui kama unalika. Wako wanaoonja wakatema. Mimi nilikuwa nikiogopa saumu yangu isije ikaharibika. Ilinibidi nimwite.

"Mama, hebu njoo unionjee. Mie nimefunga."

Akaja polepole, akapokea kijiko, akaonja.

"Bizari uliikaanga kabla ya kuitwanga?"

"Sikuikaanga."

"Ndo maana imelala. Na samaki umemtia mbichi. Mchome kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ipige wekundu, kisha ndo umtie mchuzini. Mbirimbi za kutia ukali ziko wapi?"

Sikuwa na mbirimbi. Akanituma nyumba ya pili nikaombe, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anamenya kitunguu thomu, na bakulini mwake mna kipande cha muhogo alichochovya mchuzini.

Jioni ile mume wangu alijinyunyizia chumvi kwa mazoea kabla ya kuonja. Tonge la pili akakisogeza mbali kile kibakuli cha chumvi.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Kila alasiri nilipowasha makaa alikuwa ameshatangulia jikoni. Alinifundisha kutia tui jepesi mwishoni kabisa, kuuamsha mchicha kwa tangawizi na ndimu, kulichoma biringani zimazima mpaka likasinyaa ndipo lipondwe na embe mbichi. Kuonja kwake kulikuwa kwa aina yake: kijiko kikawa upawa, upawa ukawa bakuli. Hapo hakuona haya, maana alikuwa kazini. Mimi nikajifanya sioni, na nikawa nauliza kuliko nilivyohitaji. "Onja tena, mama, sina hakika." Alikuwa akinuna huku anaonja. Ilipofika kumi la mwisho la Ramadhani, nguo zake zilikuwa zimemkaa.

Siku ya Idi niliteremka jikoni asubuhi kupika. Saumu imekwisha, ulimi ni wangu mwenyewe. Nilipofunika chungu na kukifunua, nikachota kijiko nikawa nakipeleka mdomoni. Nikageuka. Alikuwa amekaa palepale juu ya mbuzi, amevaa nguo yake ya Idi, bakuli tupu liko mapajani, ananitazama kama mtu aliyeachishwa kazi.

Nikakiteremsha kile kijiko.

"Mama, hebu nionjee," nikasema. "Leo nna mafua, sisikii ladha."

Sikuwa na hata chafya moja. Akalinyoosha bakuli, akaonja, akafikiri.

"Ndimu haijatosha," akasema, akalinyoosha tena.