Mkate Uliopita Mikononi mwa Mama Kabula

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo hata leo nikiikumbuka chakula hunishinda. Jumapili ijayo utapiga magoti mbele ya kanisa, wazee watakuwekea mikono, utapewa kaya zako za kutunza. Kabla hujapiga magoti, nisikilize. Mimi nami niliwahi kuwa mzee wa kanisa nikiwa kijana, nikaliumiza kanisa huku nikidhani nalilinda.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Kanisa letu lilikuwa palepale lilipo leo, juu ya mwalo wanapotia nanga wavuvi, ila kuta zilikuwa za matofali mabichi na popo walikuwa wengi kuliko waumini. Mchungaji alikuwa mmoja kwa makanisa matano, akitufikia kwa pikipiki. Meza ya Bwana tuliipata mara moja kila miezi mitatu. Sisi Wapresbiteri, kama ujuavyo, siku moja kabla ya Meza wazee hukaa na mchungaji wakapitia majina: nani ana ugomvi na jirani, nani amelegea, nani ni mgonjwa apelekewe nyumbani.

Jumamosi hiyo nilisimama nikasema nina jambo. Katikati ya wiki nilikuwa nimemwona Mama Kabula akitoka nyumbani kwa mganga, kule nyuma ya mawe makubwa, amebeba furushi kichwani. Huyu alikuwa mjane, kaya yake ilikuwa katika zile nilizopewa mimi. Ndiye aliyetuanzishia nyimbo za Kisukuma bila kitabu, na ndiye aliyefua na kupiga pasi kitambaa cheupe cha Meza.

Mchungaji akauliza, "Umezungumza naye?"

"Nimemwona kwa macho yangu, mchungaji."

Sikujibu alichouliza, na hakuna aliyenikumbusha. Mzee Maduhu, mkubwa wetu, ambaye angenikumbusha, alikuwa mjini, Kirumba, kumwona mjukuu aliyejifungua. Baraza la wazee likaamua Mama Kabula asishiriki Meza safari hiyo mpaka asikilizwe. Nikajitolea kupeleka ujumbe. Nakuambia ukweli, mwanangu, nilitembea kwa furaha. Nilijiona mtu.

Nilimkuta uani na pasi ya mkaa, kitambaa kimetandazwa juu ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, namalizia."

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia asiikaribie Meza kesho, na asikanyage tena kwa mganga yule kama anataka kubaki wetu. Hilo la mwisho baraza halikulisema. Niliongeza mwenyewe.

Akainua pasi, akauliza, "Ni wewe uliyeniona?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukuniita?"

Akaendelea kupiga pasi mpaka pembe ya mwisho, akakikunja kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Kesho yake alikuja. Alikaa kwenye benchi lake la siku zote. Sahani ya mkate ilipopitishwa ikamfikia, akaipokea, akaitazama, akampa jirani yake. Mkate ukapita mikononi mwake. Hata mimi, niliyekuwa na hakika yangu yote, nilitazama chini. Wiki iliyofuata hakuja. Nyimbo zilianza vibaya siku hiyo, tukaziacha katikati.

Mzee Maduhu aliporudi akaniita nyumbani kwake. Hakupandisha sauti.

"Ulimuuliza alikwenda kufanya nini?"

"Mzee, kwa mganga mtu huenda kufanya nini?"

"Mimi nimemuuliza," akasema. "Mke wa mganga, Minza, amepooza upande mmoja tangu masika. Jamaa zake wamemkimbia, hata mumewe hamgusi. Mama Kabula alicheza naye utotoni. Alikuwa anakwenda kumwogesha, kumgeuza, na kumwombea. Furushi uliloliona ni nguo chafu za mgonjwa, anakwenda kuzifua ziwani." Akanitazama. "Kutembelea wagonjwa ni kazi ya nani, mzee wa kanisa? Umemfungia Meza mtu aliyekuwa anafanya kazi yako. Nenda kwake leo."

Sikwenda. Nilijiambia ni vizuri zaidi mchungaji akirudi, jambo lisemwe mbele ya kanisa lote kwa utaratibu. Utaratibu, mwanangu! Ilikuwa aibu tu, nikaivalisha nguo nzuri. Miezi mitatu ikapita. Mchungaji alipofika, baraza likafuta uamuzi ule, lakini Mama Kabula hakuwepo. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, anakaa naye mjini, Mabatini.

Hapo ndipo nilipofunga safari. Nilimkuta nyuma ya duka la binti yake akichambua mchele. Nikapiga magoti pale sakafuni, nikasema yote, na lile nililoliongeza nikalisema.

Akaweka ungo chini. "Baba, inuka. Mimi nilikusamehe siku ileile."

Nikaanza kushukuru. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Lakini Minza amekufa," akasema. "Uliniambia nisikanyage kule, na wewe ulikuwa mzee wangu, nikatii. Wiki tatu hakuna aliyemgeuza. Niliposhindwa kuvumilia nikaenda, nilikuta mgongo wote umekuwa kidonda, na hasemi tena." Akapangusa macho kwa kitenge. "Alikuwa ananiuliza kila siku, mkate ule mnaokula kanisani ni wa nini. Nilimwahidi Jumapili ya Meza nitawaomba vijana wambebe, akae karibu nami, aone. Jumapili ileile."

Mwanangu, Mama Kabula alinipikia chakula siku hiyo, tukala pamoja. Msamaha wake niliupata. Wa Minza nitauomba wapi? Sikuwahi hata kuuona uso wake.

Sasa nakuachia neno. Ukiona jambo kwa mtu wa kaya zako, mfuate yeye kwanza, kaa chini, muulize, umpe nafasi ya kujibu. Utakachoambiwa na baraza usikiongezee chako. Na ukigundua umekosa, nenda siku hiyohiyo, hata kama miguu inakataa, maana kosa lako halikai likikusubiri. Linaendelea kuwafikia watu usiowajua.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito. Akuongoze kwenye nyumba ambazo wengine wanaziogopa, na watu wa kaya zako wafurahi wakikuona mlangoni. Nenda kwa amani, mwanangu.