Vikopo vya Nta Shambani kwa Shangazi

Niliondoka Nairobi mwezi wa tatu, mvua ikiwa mlangoni, kwa sababu ya shamba la shangazi yangu karibu na Misikhu. Mwaka uliotangulia, maabara yetu ya utafiti wa ulinzi ilikuwa imeshirikiana na wanasayansi wa ng'ambo kujaribu kifaa cha kutambua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Walitaka udongo mwekundu, na shangazi akakubali watumie shamba lake, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwomba.

Tulifukia humo mabomu bandia. Vilikuwa vikopo vya chuma nilivyovijaza nta kwa mikono yangu mwenyewe, bila hata chembe ya baruti. Tuliviacha msimu mzima ili udongo ushikane, na juu ya kila kimoja tukachomeka kigingi. Vigingi hivyo wageni walikuja navyo kutoka kwao, mbao laini nyeupe zilizorandwa vizuri. Mchwa wa Misikhu walivila vyote kabla mahindi ya majirani hayajakomaa. Tukacheka tu, si kifaa kipo? Lakini kifaa kilipowashwa kililia kila mahali, maana udongo wenyewe umejaa chuma. Tulichimba kwa kubahatisha, tukapata vichache, vingine vikabaki. Tangu hapo hakuna mwenye trekta wala mwenye ng'ombe wa kulima anayekubali kukanyaga pale, na shangazi hana shamba lingine.

Kitale nilifika mchana, kwenye mkutano wa kufunga mradi. Wageni walikuwa na furaha. Kwao, kifaa kushindwa na udongo wetu ni matokeo mazuri ya utafiti, na tayari walikuwa na kingine kipya kinachotofautisha chuma cha kopo na chuma cha udongo. Walituonyesha picha zake ukutani. Wakati wa chai nilimfuata kiongozi wao, Daktari Lena, mama mpole aliyekuwa amejifunza Kiswahili kidogo, nikamwomba atuazime hicho kipya kwa wiki moja tu.

"Sheria ya nchi yangu hairuhusu," alisema. "Ni kifaa cha ulinzi. Hakiwezi kuja bila mtu wetu, na mtu wetu hana safari tena."

"Na shamba?"

"Lakini vile vikopo havina madhara, wewe unajua. Waambie tu."

Alisema kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nililala Matisi, papo hapo Kitale, kwa mfanyakazi mwenzangu bila hamu ya kuzungumza na mtu.

Asubuhi nilishika njia ya Kiminini na pikapu ya maabara, Mlima Elgon ukiwa mkono wa kulia. Kote barabarani watu walikuwa wakilima. Nilivuka daraja la Kamukuywa na kuona mashamba yaliyokwisha kulimwa na kulainishwa kwa haro, meusi na mekundu, yakingoja mbegu. La shangazi nililitambua kwa mbali kwa magugu yaliyofika kiunoni.

Shangazi alinipa chai na viazi vitamu, akangoja nimalize.

"Hiyo mashini umekuja nayo?"

"Hapana, senge. Wamekataa."

"Si mlisema ni ushirikiano?" aliuliza, akaanza kukusanya vikombe.

Nikawasha gari kwenda Bungoma kutafuta trekta mahali ambapo habari zetu hazijafika. Karibu na msikiti nilimpata Mzee Rashid, mwenye trekta kuukuu na maneno mengi. Nilimweleza kila kitu bila kuficha. Alinitazama usoni, akasema, "Kama ni wewe uliyetengeneza, mimi nitalima. Twende, bana." Sijui kama nimewahi kumpenda mtu nisiyemjua kama nilivyompenda huyo mzee.

Tulifika Misikhu jioni, jua bado lipo. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, na mmoja akamwambia Rashid, "Mzee, hapo kuna bomu. Serikali yenyewe iliweka." Rashid akazima injini na kunigeukia.

"Nipe jembe," nilimwambia shangazi.

Niliingia kwenye magugu mbele ya wote nikaanza kulima, nikieleza kwa sauti habari za nta na vikopo. Nililima hatua kadhaa. Watu walikuwa wameanza kusogea, na hata Rashid alikuwa ameshuka kwenye trekta. Ndipo jembe likagonga chuma.

Niliruka nyuma. Nilitupa jembe nikajikinga uso kwa mikono, mimi niliyevijaza nta vikopo hivyo. Kisha nikafungua macho. Niliinama nikafukua kwa vidole, nikainua kilichogongwa ili wakione. Ulikuwa ulimi wa plau ya zamani, wenye kutu, labda wa marehemu mume wa shangazi.

"Ni plau tu," nilisema.

"Tumeiona," alijibu jirani. "Na wewe pia tumekuona."

Rashid alipanda trekta yake bila ugomvi. Aliniambia ana watoto, akageuza.

Asubuhi iliyofuata nilianza safari ya kurudi. Shangazi alinisindikiza hadi barabarani na kunishika mkono kwa muda mrefu. "Usijilaumu sana," alisema. "Hata mimi niliruka, na nilikuwa mbali."

Kwenye ripoti ya mradi imeandikwa kwamba vilivyobaki ardhini havina madhara yoyote. Sentensi hiyo niliiandika mimi, na niliiamini mpaka jembe lilipogonga. Hilo ndilo nililojifunza, na sioni pa kulipeleka. Nilipopita Turbo mvua ilianza, kubwa na tulivu, mvua nzuri kabisa ya kupandia.