Skrubu Moja Hewani

Fundi simu wa jirani na saluni yangu, hapa Point, Durban, hutengeneza vioo vya simu kwa mikono miwili huku akisikiliza kwa sikio moja. Saa nane mchana wakubwa wa kampuni za Amerika huwasomea wenye hisa matokeo yao, na yeye anakuwa ameshabeti mtandaoni kwamba mkubwa fulani atataja neno fulani, tuseme "ushuru", mara tano. Kila likitajwa, anahamisha skrubu ndogo kutoka kifuniko cha chupa kilicho kulia kwenda cha kushoto, bila kuinua macho. "Fundi, boss amesema?" namuuliza nikisuka. "Bado, Mama Tina. Iko anazunguka tu." Sauti ya chini, kama yuko kanisani. Apate, akose, uso ni uleule.

Alhamisi dada yake alimtumia kwa simu sauti ya mama yao, iliyorekodiwa nyumbani Uvira. Fundi alichomoa waya wa sikioni, nami nikasikia. Mama yao alisalimia kama tunavyosalimia kwetu, mtu mmoja mmoja: wajukuu, pasta, jirani wa kisimani, hata mume wake, ambaye tulimfanyia matanga hapa hapa Durban mwaka juzi. Fundi alikuwa ameshika skrubu moja juu ya kifuniko. Salamu zikaisha bila jina lake. Akairudisha sauti mwanzo, akasikiliza tena dakika zote nne, skrubu bado hewani.

Sikumuuliza kitu.

"Bado, Mama Tina," akasema.