Bado Inalia, Madamu

Nilianza kupoteza usikivu bila kujua, na walionijulisha ni wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu.

Nafundisha chuoni hapa Bukoba. Somo langu ni uchakataji wa ishara, yaani namna kompyuta inavyopokea sauti, picha au mapigo ya moyo, ikayageuza kuwa namba na kuondoa yasiyotakiwa. Miaka ya karibuni nimeongezewa na akili mnemba, kuifundisha kompyuta kwa mifano, kwa sababu vijana wengi wanaitaka na walimu tuko wachache. Naipenda kazi hii. Lakini muhula ule nilikuwa natoka darasani nimekasirika karibu kila siku. Niliona kizazi hiki kimeacha kusema kwa sauti. Nikiuliza swali naona midomo inacheza, maneno hayanifikii. Nikajiambia hawajasoma, wanamung'unya makusudi ili nisijue.

Aliyeniudhi zaidi alikuwa binti mmoja kutoka Muleba, aliyekaa mstari wa pili karibu na dirisha. Alikuwa na sauti ndogo, ile ambayo mabinti wengi wa kwetu hulelewa wakiambiwa kuwa ndiyo adabu. Siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa nilimuuliza maswali matatu. Nilimwona anajibu, sikuambulia kitu, nikamwambia akae. Nikampa alama za chini na kuandika pembeni kwamba haelewi anachokifanya. Hakulalamika. Alirudi kwenye kiti chake, akafungua daftari, akaendelea kuandika niliyokuwa nafundisha.

Wiki mbili baadaye nilipeleka spika darasani. Kila mwaka nina somo ambalo napiga mlio mmoja na kuupandisha taratibu, kutoka mzito hadi mwembamba kabisa. Wanafunzi wananyoosha mikono, na kila mmoja anashusha wake pale asiposikia tena. Wanajifunza kwamba sikio la binadamu lina mpaka wake. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, naongeza. Mlio ulianza kama nyuki, ukawa kama filimbi, kisha ukakatika.

Nilipoinua macho, mikono yote ilikuwa juu. Nikadhani ni utani. Nikaukagua waya wa spika, nikauchomoa, nikauchomeka tena. Mikono bado juu. Nikawaambia washushe, spika imeharibika. Hakuna aliyecheka. Wengine walitazamana, wengine wakatazama meza. Ndipo yule binti wa Muleba alipoondoka kwenye kiti chake, akaja hadi mbele yangu, mahali ambapo ningeweza kumwona uso vizuri.

"Bado inalia, Madamu," akasema.

Nikaangalia namba kwenye kompyuta. Ilikuwa haijafika hata mitetemo elfu nne kwa sekunde, wakati sikio la kijana hufika zaidi ya elfu kumi na tano. Nimelifundisha jambo hilo miaka mingi, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza. Huko juu ndiko ziliko herufi kama s na f na sh, zile zinazomfanya mtu atofautishe saa na taa. Kwa sauti nzito unaweza kubahatisha. Kwa sauti ndogo ya binti, huna la kushika.

Nilikaa. Niliwaambia kipindi kimeisha, lakini hawakutoka. Baada ya muda kiongozi wa darasa alienda ubaoni, akachukua chaki na kuandika kwa herufi kubwa: TUSUBIRI AU TWENDE? Nilicheka, na katikati ya kucheka machozi yakanitoka mbele yao wote.

Kesho yake nilimwita yule binti ofisini. Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi majibu aliyonipa siku ile. Aliandika bila kusita. Yote matatu yalikuwa sahihi, na la tatu lilikuwa zuri kuliko nililokuwa nalo mimi kichwani. Nikamwomba radhi. Nilipeleka kwa mkuu wa idara fomu ya kurekebisha alama, na kwenye kipindi kilichofuata niliwaambia wenzake kilichotokea, kwa kuwa nilikuwa nimemwaibisha mbele yao.

Nilimuuliza kwa nini hakulalamika. Akasema kwao baba yake naye hasikii, wamezoea kumwacha tu. "Nikadhani na wewe Madamu tukuache tu," akasema. "Halafu nikaona mtihani wa mwisho unakaribia."

Darasa lile lilikuwa na kazi ya mwisho ya kutengeneza programu ya akili mnemba. Walikuwa wamepanga kuifundisha kompyuta kutambua nyuso. Wakaja kuniomba wabadilishe. Sasa walitaka programu itakayotenganisha maneno ya mtu na kelele ya mvua juu ya bati, kisha iyaongezee nguvu yale maneno hadi niweze kuyasikia. Mtu aliyekaa Bukoba anaelewa kwa nini walichagua mvua. Ikianza hapa, mwalimu anaweka chaki chini na kusubiri.

Waligawana kazi. Waliopanga vyumba mtaa wa Kitendaguro walirekodi mvua, kila mmoja kwenye bati lake. Wa mtaa wa Bilele walirekodi watu wakisoma magazeti. Baada ya wiki kadhaa wakaniletea matokeo ya kwanza, wakayapiga kwenye spika. Sauti za wavulana zilitoka safi kama redioni. Kisha yule binti akajirekodi. Sauti yake ilitoka vipande vipande, kwa kuwa mashine ilikuwa imetupa nusu yake pamoja na mvua.

Nikawauliza walikuwa wamerekodi akina nani. Wakahesabu. Karibu sauti zote zilikuwa za wavulana, kwa sababu wavulana ndio walioshika simu na kila mmoja alimrekodi mwenzake wa chumbani.

"Mashine imejifunza kwa Madamu," kijana mmoja akasema, kisha akashika mdomo. Nilicheka mimi wa kwanza, wengine wakafuata.

Mwisho wa wiki ile binti alienda kwao Muleba. Alirudi na sauti za mama yake, shangazi zake na majirani, wakichambua kahawa, wakimenya ndizi, wakichanganya Kiswahili na Kihaya bila kujali nani anawarekodi. Wakaifundisha mashine upya.

Siku ya kuijaribu hatukuipanga. Ilikuwa alasiri, mvua ikashuka katikati ya somo, nami nikanyamaza kama kawaida. Kiongozi wa darasa akanivalisha hedifoni, akaweka kipaza sauti karibu na yule binti. Sauti ilikuja imechelewa kidogo, ina ukavu wa chuma, lakini ilikuja na herufi zake zote.

"Madamu, unaisikia mvua?"

Nikamwambia hapana.

"Sisi tunaisikia," akasema. "Wewe endelea kutusikia sisi."

Hao hao ndio walionisukuma niende kwa daktari wa masikio, wakisema laptopu haiwezi kuandamana nami sokoni. Nilienda, nikapimwa, na sasa navaa vifaa vidogo nyuma ya masikio. Nilikuwa naona aibu. Siku ya kwanza navivaa, hakuna mwanafunzi aliyeviangalia mara mbili.

Muhula ulipoisha, binti aliniomba twende kwao na ile laptopu. Tulimkuta baba yake uani, mzee mtaratibu, anageuza kahawa iliyoanikwa. Tulipokaa ndani kula, tukamvalisha hedifoni na kuweka kipaza sauti upande wa mkewe. Mkewe, bila kujua kama tumeshawasha, akamuuliza kwa Kihaya kama amwongezee maharage, huku mkono umeshafika kwenye sahani.

"Hapana," mzee akajibu. "Nimeshiba."

Mama akabaki na upawa hewani. Alituambia miaka yote hiyo akimuuliza, mzee anatikisa kichwa kukubali, naye anaongeza. Mzee akasema alikuwa haelewi kwa nini mkewe anamlisha hivyo, ila hakutaka kumkatalia. Binti alicheka hadi akatoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa karibu na baba yake, akaanza kumweleza, kwa ile sauti yake ndogo, anasoma nini huko chuoni. Mzee hakuwahi kulijua hilo vizuri. Alisikiliza hadi chakula kikapoa, akiuliza hapa na pale.

Niliondoka na mkungu wa ndizi na mfuko wa kahawa, na mama akanisindikiza hadi barabarani akizungumza njia nzima. Aliniuliza kama binti yake ana bidii. Nikamwambia kwamba binti yake amenifundisha mimi, na kwamba nashukuru kuwa alimzaa. Alidhani ni maneno ya heshima tu, akanipungia mkono.