Mwanasesere wa Bi Zoubeda

Bi Zoubeda, mkunga wa mji wetu wa Mutsamudu, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alitufundisha ukunga kwa mwanasesere wa mpira, mkubwa kama mwanamke mzima, mwenye kichanga tumboni. Kampuni moja ya Ufaransa ilituazima mwanasesere huyo ili tumjaribu. Bila yeye tungejifunzia kwa wazazi wenyewe wakijifungua, na hilo Bi Zoubeda aliapa halitatokea akiwa hai.

Siku hizo kisiwa chetu cha Anjouan kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni. Habari za kampuni alituletea Bourhane, wakala wake wa huko Moroni, aliyemwoa mdogo wake Bi Zoubeda. Safari ya kwanza alisema kampuni kubwa imeinunua ile ndogo. Bi Zoubeda akataka aeleweshwe. Bourhane, mpenda njia za mkato, akamwambia, "Chukulia imeolewa, shemeji."

Bi Zoubeda akatulia kabisa. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na nyumba na vilivyomo hubaki vya mke. "Basi huyo bwana harusi ameingia na sanduku lake tu," akatuambia, "mwanasesere haguswi." Tukamvisha hata shiromani, shuka nyekundu ya kujitanda, kama mwanamke yeyote wa mjini kwetu.

Mwaka uliofuata Bourhane alirudi, uso umemshuka, kwa boti ndogo, maana meli zilikuwa zimezuiwa kuja kisiwani kwa ajili ya kule kujitenga. Ile kampuni kubwa, alisema, imeuza idara ya wanasesere kwa watu wengine, na hao hawaazimi. Wanataka wote warudishwe.

"Yaani wameachana," alisema Bi Zoubeda. "Mume na atoke na sanduku lake! Wewe Bourhane, ukiachana na mdogo wangu leo, utaondoka na kabati lake?"

"Siondoki hata na kijiko. Lakini kwao, shemeji, anayenunua huchukua nyumba, vyombo na mke mwenyewe. Nilikueleza vibaya. Nisipomrudisha, kazi sina."

Bi Zoubeda alifoka, kisha akaona haya kumfokea mtu aliyevuka bahari kwa boti ile. Akampa chai. Tukamvua mwanasesere shiromani, tukamfunga turubai, na wapagazi wa bandarini wakamchukua huku wakitaniana. Mimi nililia waziwazi. Mtihani ulikuwa karibu, na bado sikujua kumpokea mtoto anayetanguliza matako.

Asubuhi iliyofuata tulikuta meza ya mafunzo imetandikwa shuka. Bi Zoubeda akavua viatu, akapanda, akalala chali. Chini ya leso aliyojifunika alikuwa ameweka mtoto wa matambara, wa kushona mwenyewe.

"Saoudat, anza wewe," aliniambia. "Matako yametangulia."

Hatukusogea. Mji mzima ulijua kwamba yeye, aliyewazalisha nusu ya mama zetu, Mungu hakumjalia mtoto, na hakuna aliyethubutu kulitaja hilo mbele yake. Niliona aibu, nikamwonea na huruma, ambayo angeichukia. Akafumba macho, akaanza kuguna kama wagunavyo wazazi.

"Mnangoja nini?"

Nikanawa mikono, nikamshika magoti. "Sukuma, mama," nikamwambia.