Kaburi la Mkwe Wangu Lilikuwa na Joto

Nimekaa na aibu hii tangu mavuno ya maharage ya msimu uliopita, nikidhani itapoa, lakini wifi yangu Generoza ameshaisimulia kisimani, kanisani na mnadani, na juzi mtoto nisiyemjua hata ukoo wake ameniamkia shikamoo huku amebana kicheko mashavuni, basi nikasema heri niisimulie mwenyewe, maana mkisikia kwa Generoza mtaambiwa nilizama hadi shingoni, na huo ni uongo, nilizama hadi pajani tu.

Kwanza mjue jambo moja. Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu hayanitoki. Nitajie nyumba yoyote ya watu wetu, nitakwambia nani alizaa nani, nani alibatizwa siku moja na nani, na ng'ombe wa mahari alikuwa wa rangi gani. Hapa Nyamahanga, Biharamulo, wananiita Daftari. Kijana wa ukoo akitaka kuoa, analetwa kwanza kwangu niseme kama huyo binti si ndugu yake. Kwa mwanamke wa darasa la pili jina hilo ni tamu, nami nalipenda kuliko inavyofaa (padre anajua, nimeshaungama mara mbili).

Sasa mwanangu wa kwanza, Deusi, anayefanya kazi Mwanza, akaja likizo na mkewe Jesca na watoto wao wawili, Anitha wa miaka kumi na mbili na Brayani wa miaka sita. Jioni ya kwanza tu akasema, "Mama, watoto hawa wanajua vituo vyote vya mabasi Mwanza ila hawajui walikotoka. Jumamosi tunakwenda wote Nyamiaga, walione kaburi la babu, na mimi nilijengee kwa saruji."

Maana sisi asili yetu si Biharamulo. Tulihamia huku kutafuta mashamba, Deusi akiwa mgongoni, na baba mkwe wangu, Mzee Ndabihore (zamani mkamwana hakutamka jina la mkwe wake hata akichapwa, lakini nimezeeka, nani atanichapa), tulikuwa tumemzika kule Nyamiaga, Ngara, ndani ya migomba, mawe matatu juu yake na mmea wa mpaka, ule tunaopanda kuwekea alama, kichwani pake, hakuna msalaba, hakuna jina. Shamba sasa ni la watu wengine. Waliobaki hai wanaolijua kaburi hilo ni wawili tu, mimi na Generoza, binti wa marehemu. Deusi akasema, "Mkifa ninyi wawili, babu amepotea kabisa." Neno hilo lilinichoma, nikamwambia asihofu, Daftari yupo.

Jumamosi tukajaa ndani ya gari, saruji mifuko miwili nyuma, sufuria ya ndizi na maharage magotini kwa Jesca, Generoza dirishani, mimi katikati ya watoto nikiwasimulia jinsi babu wa baba yao alivyomfukuza chui kwa mwiko wa ugali. Tulipofika Benaco tukashuka kunywa chai, nikawaonyesha vilima, nikawaambia mwaka ule wakimbizi walipokuja hapa hukuona nyasi, uliona watu tu, na kwamba ungo wangu ninaopepetea mpaka leo alinifuma mwanamke wa humo kambini, Verediana, mama wa mapacha. Anitha akauliza, "Bibi, unawezaje kukumbuka hayo yote?" Nikamjibu, "Ni kipaji." Generoza akakohoa.

Miwani niliiacha nyumbani. Naisema mapema msije mkaniuliza. Inanifanya nionekane mzee.

Tukapita Ngara mjini, tukaacha lami, tukafika njiapanda moja yenye kibanda cha kuuzia vocha. Generoza akasema taratibu, "Hapa ni kushoto, wifi."

Nikamwambia, "Kulia."

"Kushoto. Kulia ni kwa kina Karoli."

Hapo ndipo shetani aliponishika ulimi. Nikasema mbele ya watoto, "Wifi, siku tunamzika mzee wewe ulikuwa Rulenge, una mtoto wa wiki moja. Mimi ndiye niliyetembea nyuma ya maiti. Wewe nyamaza, utupumzishe."

Yaani nilimnyamazisha binti wa marehemu kwenye njia ya kwenda kaburini kwa baba yake. Generoza akafunga mikono kifuani, akasema, "Haya. Daftari ni wewe." Na tangu hapo hakufungua mdomo, nami nikaona nimeshinda.

Gari tukaliacha barabarani, tukaingia migombani kwa miguu, mimi mbele, natembea kama padre siku ya maandamano. Tukapita mgomba mmoja, wa pili, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kutokwa jasho, kwa sababu hata kilima chenyewe kilikuwa kimehama, ndipo nikaliona. Tuta refu, urefu wa mtu kamili, udongo umepigwapigwa vizuri, mawe juu yake (yalikuwa matano, nikasema moyoni mtu mwema ameongeza mawili), na pembeni mmea wa mpaka umesimama kama askari.

Nikajitupa. Wenzangu, nililia! "Baba weee! Baba Ndabihore! Tumekuacha peke yako, tumekwenda kufuata mashamba!" Nililia kwa Kihangaza, nikalia kwa Kiswahili ili watoto wafuate, Jesca akatoa simu akawa anapiga picha za video huku machozi yanamtoka, na kabla sijafuta makamasi alikuwa ameshazituma kwenye kundi la familia. Mwanangu mwingine, Edisoni, aliye Dodoma, akarudisha sauti palepale, analia kama mtoto: "Pumzika, babu, pumzika!"

Brayani alikuwa ameweka kiganja juu ya udongo. Akasema, "Bibi, mbona kaburi lina joto?"

Nikaweka changu. Joto kama tumbo la ng'ombe aliyelala. Na kutoka chini ya udongo ikanipanda puani harufu ninayoijua kuliko ninavyomjua marehemu mume wangu.

Niwaeleze, kama kuna msomaji asiyetoka kwetu. Ndizi za pombe hatuzisubiri ziive mgombani. Unachimba shimo, unalipasha moto, unatandika majani, unapanga ndizi, unafunika majani mengine, juu yake udongo, na juu ya udongo mawe ili mbuzi wasifukue. Siku nne au tano zinaiva kwa joto lao zenyewe, unazitoa unakamua rubisi. Nimevundika ndizi namna hiyo tangu sijaota maziwa. Na hapa nilikuwa nimezilalia kwa kifua, nikiziita baba.

Hapo ningesema, "Wanangu, nimekosea," tungecheka kidogo tukaondoka. Lakini nikainua macho nikamwona Generoza upande wa pili wa tuta, mikono kifuani, mdomo umefungwa, ila macho yake yanacheka peke yake. Basi nikasema, "Ni babu yenu huyo. Anafurahi tumekuja."

"Jamani!" akasema Jesca, akaanza kulia upya.

Anitha akanusa. "Na hii harufu ya ndizi, bibi?"

"Alikuwa mkulima," nikasema.

Nilidhani uongo huo utatosha kututoa pale, kumbe Deusi alikuwa ameshavua shati. "Mama, kaa pembeni. Nakwenda kuleta saruji." Nikaona giza. Mwanangu atazijengea ndizi za mtu, ataandika jina juu yake, wajukuu wataleta maua kila mwaka, na Mzee Ndabihore mwenyewe atalala mahali pengine akisahauliwa, na kosa litakuwa langu mimi. Kusema nashindwa, kunyamaza nashindwa. Nikasema, "Subiri, tuombe kwanza," nikiwa na nia ya kuomba mpaka kunyeshe mvua.

Nikapiga magoti juu ya tuta lenyewe. Nikaanza kuwataja wazee mmoja mmoja, baba wa Ndabihore, na baba yake huyo, na wake zao, na kila jina nikilitaja Generoza anaitikia "Amina!", na kila amina inapanda sauti kuliko iliyotangulia, mpaka nikajua huyu mwanamke ananisukuma. Nilipofika kwa mzee wa saba, chini yangu pakasema *pwaa*.

Mguu wa kulia ukaingia wote. Wa kushoto ukaufuata nusu.

"Babu anamvuta!" Jesca akapiga ukelele, akakimbia, simu mkononi inarekodi tena. Brayani akawa analia, "Bibi usiende! Bibi usiende kwa babu!" Deusi akanishika makwapa akivuta, mimi nazidi kushuka, kitu cha moto na laini kinanipanda kati ya vidole. Ni Anitha peke yake aliyeinama akachungulia. Akaingiza mkono, akatoa, akaangalia.

"Baba," akasema, "huyu si babu. Hizi ni ndizi."

Halafu migomba ikatikisika, akatokea mwanamume na panga, amekuja mbio akidhani ni wezi. Akakuta watu wa mjini, mmoja hana shati, na bibi kizee amesimama ndani ya shimo lake. Panga likashuka lenyewe. Adabu ikamshinda nguvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu kutoka shimoni. Ningefanyaje?

"Habari za... humo?"

"Nzuri."

Akamgeukia Deusi. "Kaka, nimesikia sala tangu kule nyumbani. Mnaziombea ndizi zangu zina nini?"

Deusi akaeleza, kwa shida. Yule mtu akasema yeye anaitwa Sabasi na shamba ni la kwao tangu babu yake. Nikamwuliza, "Sabasi wa nani?"

"Wa Yudita."

"Yudita binti Karoli? Aliyekuwa na pengo hapa mbele, akaolewa na fundi wa baiskeli?"

"Ndiye mama yangu!"

Hapo ndipo Generoza alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu njiapanda, ukiacha zile amina. "Muoneni," akasema, "yuko shimoni na bado anauliza koo za watu!" Kisha akacheka mpaka miguu ikamkataa, akakaa chini katikati ya majani makavu, anajipiga mapaja, na Sabasi akaangua kicheko, na Deusi akaangua chake, na mimi, kwa kuwa kicheko kinalegeza mwili, nikachomoka.

Deusi akamwuliza, "Shangazi, ulijua?"

"Tangu njiapanda."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nikaambiwa ninyamaze, niwapumzishe."

Hakuna aliyeniangalia. Hilo liliniuma kuliko kama wangeniangalia wote.

Tulikaa saa nzima tukimsaidia Sabasi kufunika upya ndizi zake. Mwanangu na viatu vyake vya Mwanza alibeba majani, Jesca alirudi kutoka kusikojulikana (video ya pili nayo ilikuwa imeshafika Dodoma, Edisoni akajibu kwa kicheko cha dakika mbili), nami nikapanga mawe, maana kazi hiyo angalau naijua. Sabasi akakataa kuombwa radhi. Alisema rubisi ya safari hii itakuwa na baraka.

Tukarudi njiapanda, tukakata kushoto, Generoza mbele. Hakutafuta. Alipita mgomba, akapita mfereji, akasimama. Mawe matatu, yamezama nusu, yana kuvu. Mmea wa mpaka umezaa wenzake sita. Nilipatambua papo hapo, nikakumbuka hadi nani alishika jembe siku ile.

Deusi hakutua mfuko wa saruji begani. Akanitazama mimi, mazoea ya miaka yote. "Mama, ni hapa?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. "Muulize shangazi yako," nikasema. "Ni baba yake."

Generoza akageuka akanitazama, akitafuta mzaha usoni kwangu, hakuuona. Akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe la kati. "Ni hapa," akasema. "Ni baridi, wifi. Njoo ushike, usiogope."

Mzaha huo niliustahili. Nikashika.

Deusi alipokuwa anakoroga saruji, Generoza akakaa na watoto akawasimulia baba yake, na mimi nikasikiliza mambo nisiyoyajua, mimi niliyempikia yule mzee. Kumbe alikuwa anamwogopa chura. Mwanamume ambaye nilimwamkia kwa magoti miaka sita bila kuinua macho, akimwona chura mlangoni alikuwa anapanda kitandani na kumwita binti yake amwondoe. Brayani akauliza, "Na yule chui?" Generoza akasema, "Chui gani?" Nikajifanya nachuma jani.

Kisha akawahesabia watoto wa mzee, kwa vidole: "Baba yake Deusi aliyekufa, huyo mkubwa. Kisha Petero. Kisha mimi. Kisha Leokadia. Basi." Nikauma ulimi. Nikauma tena. Niliapa moyoni nitanyamaza, siku yangu imetosha, tena mbele ya watoto wale wale, lakini Deusi alikuwa ameshashika msumari wa kuandikia majina kwenye saruji mbichi, na saruji haisubiri.

"Na Stefania," nikasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Generoza akatulia, kidole kikiwa hewani. "Stefania," akasema. "Aliyekufa kwa surua. Hata meno hakuwa amemaliza kuota." Akafunika uso kwa kitenge. "Wifi, nilikuwa nimemsahau mdogo wangu."

Nilikaa karibu yake, bado nanuka ndizi, Deusi akaandika majina yote matano.

Basi nimeapa, na ninyi ni mashahidi: sitamnyamazisha tena mtu anayeijua njia, na nikiwa sijui mahali nitasema sijui, hata kama wajukuu wananitazama. Nimeshaanza. Jumapili Anitha alinipigia simu kutoka Mwanza kuniuliza baba wa Mzee Ndabihore alizikwa wapi, nikamwambia sijui, mjukuu wangu, ulimi ukaniwasha kutwa nzima.